Tuhesabu Dawa Kabla Hazijaisha

(Mazungumzo ya mwenyekiti wa kamati ya zahanati mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo nataka tuzungumze juu ya uongozi wa zahanati. Wengi wetu hudhani kwamba zahanati ni ya mganga peke yake. Sivyo. Mganga anatibu. Sisi wanakamati, tuliochaguliwa na wanakijiji, tunasimamia pamoja naye dawa, fedha na jengo.

Nitawapeni mfano wa kamati yetu wenyewe. Masika moja, mama mmoja alifika usiku na mtoto mwenye homa kali. Mganga alimpima, akamkuta ana malaria. Kufungua kabati, dawa mseto hamna! Mama yule akapakiwa kwenye baiskeli, gizani, mpaka kituo cha afya. Mtoto alipona, lakini nusura tumpoteze.

Kulipokucha kijiji kizima kikasema, "Mganga ameuza dawa." Tukakutana, tukafungua leja. Tukasoma mstari kwa mstari: dawa zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Hakuna kilichoibwa. Masika ile wagonjwa walikuwa wengi, na dawa ziliagizwa kwa kuchelewa. Je, kosa ni la nani? Mganga alichelewa, kweli. Lakini na sisi kamati tulikuwa tukitia sahihi bila kusoma. Na mimi mwenyekiti ndiye niliyekuwa wa kwanza kutia.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu:

Kwanza, dawa zikifika, sanduku hufunguliwa mbele ya wanakamati wawili. Wanahesabu, wanaandika, ndipo wanatia sahihi.

Pili, kila wiki tunalinganisha leja na dawa zilizomo kabatini.

Tatu, mapato na matumizi husomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme zahanati inatoa dozi 90 za dawa mseto kwa mwezi wa siku 30. Hizo ni dozi 3 kwa siku. Kama zimebaki dozi 30, zitatosha siku 10 tu. Ikiwa dawa tulizoagiza huchukua siku 21 kufika, basi siku 11 tutakaa bila dawa. Kwa hiyo tusingoje kabati liwe tupu. Tuagize zingali zipo dozi 63 au zaidi, na wakati wa masika tuongeze.

Tena kuna fedha. Hapa Tanzania, katika mwaka wa fedha 2017/2018, serikali ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati. Fedha zikiwa karibu, na macho yetu yawe karibu.

Ndugu zangu, kuuliza si kumtukana mganga. Siku ile leja ndiyo iliyomwokoa, maana ilionyesha kwamba si mwizi. Leja hiyohiyo ndiyo iliyotuonyesha uzembe wetu.

Zamani tuliweka dole gumba bila kujua tunakubali nini. Sasa tunajua kusoma. Tukitia sahihi bila kusoma, kisomo chetu kina faida gani? Mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, nyoosha mkono, omba leja isomwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.