Sikio Halionekani Lote

Leo tuongee juu ya sikio. Umeshaona mchoro wake kitabuni, sivyo? Mchoro unafaa kwa kujifunza majina: nyundo, fuawe, kikuku. Lakini unadanganya kidogo. Kikuku kimechorwa kikubwa, kumbe kina urefu wa milimita 3 hivi tu! Na tundu la sikio linaonekana limenyooka, kumbe limepinda.

Ndiyo maana wanaosomea udaktari hawaishii kwenye mchoro. Hushika sikio la plastiki linalofunguka vipande vipande. Huzungusha picha kwenye kompyuta ili waone na upande wa nyuma. Wengine hujifunza pia kwenye mfupa halisi wa maiti, maana hapo ndipo ukubwa wa kweli unapoonekana. Kila njia ina lake.

Na wewe je? Ukichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, huoni unapogusa. Kiwambo cha sikio kiko kama sentimita 2.5 tu ndani, nacho ni chembamba kama karatasi. Kikitoboka, usikivu unaweza kupungua. Nta kwa kawaida hutoka yenyewe. Sikio likiuma au likitoa usaha, nenda zahanati. Njiti ya kiberiti iache iwashe jiko!