Kura Haianzi Siku ya Kura

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya uchaguzi, lakini nitaanza na mambo ya nyumbani. Mkitaka kuchagua mweka hazina wa kikundi, mnafanya nini kwanza? Mnasoma daftari mjue nani ni mwanachama. Mnakubaliana mtapiga kura vipi, na nani atahesabu. Je, mtakubali mweka hazina wa zamani, ambaye anagombea tena, aandike daftari peke yake na ahesabu kura peke yake? Hapana! Hata akihesabu sawasawa, nani atamwamini? Basi, nchi nayo ni hivyo hivyo.

Sisi Wakenya tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Wazee mnakumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Katika uteuzi wa KANU watu walipanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita, kura ya siri hakuna tena. Mstari ulionekana kwa macho, lakini mahali pengi mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Tena, nani angethubutu kusimama mbele ya chifu, nyuma ya mtu asiyependwa na wakubwa? Maaskofu kama Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari waliupinga mlolongo huo waziwazi.

Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichofanya KANU kuwa chama cha pekee, kiliondolewa. Wengi wetu tulisema, sasa mambo yamekwisha! Kumbe mlango umefunguliwa lakini kamba ingali miguuni. Uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 ulifanywa chini ya sheria nyingi zile zile za zamani. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Makamishna wa uchaguzi waliteuliwa na Rais, na Rais mwenyewe alikuwa mgombea. Ni kweli wapinzani waligawanyika, na Rais Moi alishinda kwa kama asilimia 36 ya kura. Kugawanyika huko kulikuwa kosa lao wenyewe. Lakini mbio haziwi za haki ikiwa mmoja amefungwa miguu.

Na msifikiri sheria hizo ziliwahusu wanasiasa peke yao. Mwaka 1996 kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe kuzungumzia mfereji wa maji. Tulikuwa watu kama ishirini hivi, wengi akina mama. Askari wawili wakaja, wakauliza, "Leseni iko wapi?" Tukasema hapa ni maji tu. Wakatuambia tutawanyike. Tulienda nyumbani, na mfereji ukachelewa mwaka mzima. Siku hiyo nilielewa kwamba sheria mbaya ya siasa inaweza kukunyima hata maji ya kunywa.

Ndiyo maana mwaka 1997 watu walidai mabadiliko kabla ya uchaguzi. Tarehe 7 Julai polisi waliwapiga watu mpaka ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi. Baadaye wabunge wa pande zote mbili walikaa pamoja katika kundi lililoitwa IPPG. Walikubaliana kwamba mkutano usiombewe leseni tena, bali polisi wajulishwe tu. Nguvu za machifu zilipunguzwa. Kuweka watu kizuizini bila mashtaka kuliondolewa. Vyama vya upinzani vilipewa nafasi ya kupendekeza makamishna kumi.

Hayo yalikuwa mazuri, lakini yalichelewa. Sheria zilipitishwa mwezi wa Novemba, na kura ikapigwa mwisho wa Desemba. Nani kati yenu hupanda mahindi Novemba akavuna Desemba?

Tena yale ya makamishna yalikuwa mapatano ya mdomo, hayakuandikwa katika sheria. Mnajua mambo ya mdomo. Kabla ya uchaguzi wa 2007, Rais Kibaki aliteua makamishna bila kukubaliana na upinzani. Matokeo yalipotangazwa, nusu ya nchi haikumwamini mhesabuji. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Jirani alimchomea jirani nyumba. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza mwaka 2008 ilisema haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda. Wote waliokufa, walikufa kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha.

Katiba ya 2010 ilirekebisha mengi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais kwa sababu sheria haikufuatwa. Wakati wa mlolongo nani angeota jambo kama hilo? Hata hivyo, kuanzia Januari 2023 mpaka Julai 2025 tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna. Sehemu zilizopoteza mbunge au diwani zikangoja bila mwakilishi. Kwa hiyo mabadiliko si kazi ya kufanya mara moja ukalala. Ni kama tangi letu la maji: usipolisafisha, matope hurudi.

Sasa, sisi wa vikundi tufanye nini?

Kwanza, tusingoje mwaka wa kura. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Tarehe inajulikana, kwa hiyo madai ya sheria nzuri yaanze mapema.

Pili, kila mwanachama akague jina lake katika daftari la wapiga kura. Tukiona jina la marehemu, tutoe habari.

Tatu, tuwajue mawakala wa vyama katika kituo chetu. Matokeo ya Rais huandikwa kwenye Fomu 34A, na nakala hubandikwa kituoni. Nendeni mkaisome. Hesabu ya kijiji chenu ni mali yenu.

Nne, tukatae pesa na unga wa wagombea. Hakuna sheria inayoweza kulinda kura ambayo mwenyewe ameshaiuza.

Na tuanze hapa hapa. Uchaguzi wa kikundi chetu uwe na daftari safi, kura ya siri, na mhesabuji asiyegombea. Tukizoea haki chini ya mwembe, hatutakubali kudanganywa huko juu.