Kava ya Grenda na Waya wa Ethi: Mada kwa Semina ya Mafundi wa Karakana



Madhumuni ya mada hii ni kuzungumza mintarafu ya zana za umeme katika karakana zetu za mbao na chuma, nami sikukusudia kuwaeleza kwamba umeme unaua, jambo ambalo hata mwanagenzi wa siku ya kwanza amekwisha kulisikia. Nililokusudia ni kuwaomba tuvitazame vitu viwili ambavyo aghalabu sisi wenyewe huving'oa kwa mikono yetu kabla kazi haijaanza, yaani kava ya grenda na waya wa ethi.

Grenda ndogo tuliyoizoea, ichukuayo jiwe la milimita 115, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na kwa mzunguko huo ukingo wa jiwe hupita mbele ya uso wa fundi kwa kasi ya mita 66 hivi kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Jiwe la kukatia lenyewe, ukilisoma kwa makini, aghalabu utaliona limeandikwa mita 80 kwa sekunde, na huo ndio mpaka wake. Sasa fundi ana jiwe la milimita 180 lililotoka kwenye grenda kubwa, halijaisha, naye aona hasara kulitupa. Basi huifungua kava, maana pamoja nayo jiwe lile haliingii, akalifunga katika grenda ndogo. Kwa tendo hilo moja amelipeleka jiwe kwenye kasi ya mita 100 na ushei kwa sekunde, na papo hapo ameiondoa ngao ambayo ingevizuia vipande siku litakapopasuka.

Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa pili nilipoliona jiwe la namna hiyo likipasuka. Hapakuwa na kishindo; nilisikia sauti kama ya kigae kilichoanguka sakafuni, kisha nikamwona mwenzangu amesimama wima, grenda ingali ikinguruma katika mkono mmoja, mkono wa pili ameshika shavu, damu ikimchuruzika kati ya vidole. Kipande kilipita chini ya jicho kwa upana wa ukucha. Kava tuliikuta ndani ya sanduku la misumari, rangi yake mpya, haina hata mkwaruzo.

Ama kuhusu ethi, umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230 au 240, na wengi hudhani kwamba fyuzi ya plagi ndiyo imlindayo mtu. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa fyuzi iliwekwa ili waya usiungue: fyuzi ya ampea 13 huziacha ampea 13 zipite pasipo kukatika, ilhali miliampea 30 tu, zikipita kifuani, zaweza kuuvuruga moyo. Waya wa ethi ndio uupelekao ardhini umeme uliovuja, hata fyuzi ikakatika, na bora zaidi ukisaidiwa na swichi maalumu inayokata umeme mara tu uvujapo kwa kiasi hicho cha miliampea 30. Lakini ni karakana ngapi ambamo plagi ilivunjika, nyaya mbili zikachomekwa uchi kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kibiriti, na ule wa tatu, wa kijani na manjano, ukakatwa kwa madai kwamba hauna kazi? Kwa insafu niseme kwamba ziko zana zitokazo kiwandani na nyaya mbili tu. Hizo zina alama ya mraba ndani ya mraba, nazo hazihitaji ethi.



Nikirudi kwenye kava, mafundi wengi huniambia kwamba huwazuia kuona mstari wa kukatia. Malalamiko hayo yana haki, na ndiyo sababu nimeileta grenda hii iliyo mezani, ambayo plagi yake mnaiona imelala hapa mbele yangu. Naomba ipite mkono kwa mkono, na kila mmoja alegeze kibano cha kava na kuizungusha, kwani hugeuka mpaka upande autakao fundi bila kung'olewa.