Kitaru na wazazi wake

Mwaka 1971 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa nchini Tanzania, alitoa tamthilia ya Mashetani. Kijana Kitaru anaigiza na rafiki yake Juma, mmoja binadamu, mwingine shetani. Igizo linamwingia Kitaru akilini, naye anaugua. Wahakiki huisoma kama habari ya ukoloni na matabaka, na wana haki. Mimi, nikiwa hapa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, nawatazama zaidi wazazi wa Kitaru, walio na mwana mgonjwa wa akili nyumbani.

Kwetu Maniema mgonjwa wa akili hubaki mikononi mwa jamaa. SOSAME, hospitali inayojulikana kwa matibabu ya akili, iko Bukavu, mamia ya kilomita kutoka hapa. Basi mama anaacha meza yake sokoni, au dada mkubwa anaacha masomo. Kila siku ni yeye: kumwogesha mgonjwa, kumfuata hadi kivukoni akitaka kuvuka mto kwenda Alunguli usiku, kumpa dawa ambayo ikikatwa ugonjwa waweza kurudi. Wapo wanaompeleka mgonjwa kwenye chumba cha maombi afungwe kamba. Hilo tulikatae kabisa!

Kikundi kimoja cha maigizo hapa kwetu kikiupandisha mchezo wa Mashetani jukwaani, viti vya mbele wapewe walezi hao. Na wajomba na baba wadogo wanaokwepa zamu yao waalikwe pia.