Kompyuta Haijui Tope la Kinole

Mhadhara huu umezaliwa na kauli ya mwenzangu mmoja, mhandisi mahiri, aliyesema kwenye semina kwamba loki ya difu, ile inayolazimisha magurudumu au shafti kuzunguka pamoja, ni masalia ya enzi za wazee. Sensa na kompyuta, alisema, zinauhisi utelezi kabla ya dereva. Kwa hiyo gari lolote la kisasa la magurudumu manne litapanda milima ya Uluguru sawa na Landrova. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Difu yenyewe sitaieleza, wanafunzi wa mwaka wa pili wanaijua. Land Cruiser mkonga na Hilux hufunga shafti ya mbele na ya nyuma pamoja pale dereva anapotia fowili. Ukifika lami unatoa, la sivyo kila kona inazikaza shafti. Land Rover Defender na Prado huendesha magurudumu manne wakati wote, na difu yao ya kati inafungika. Kundi la tatu, kipenzi cha mwenzangu, ni CR-V, RAV4 ya kizazi cha tatu na ndugu zao: matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, na klachi hupeleka nguvu nyuma mambo yakiharibika. Subaru ina sura mbili. Ya gia za mkono kwa kawaida ina difu ya kati yenye sahani ndani ya mafuta ya silikoni, nyingi za otomatiki zina klachi.

Mambo yakiharibika, nimesema, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. CR-V ya 1995 ilikuwa na pampu mbili, moja ikifuata mwendo wa mbele na nyingine wa nyuma. Presha ilijengeka pale tu mbele ilipoanza kuzunguka bure. Kwenye udongo mwekundu wa Kinole, huko Uluguru, ni hukumu, kwa sababu tairi linalozunguka bure linakanda mfinyanzi na maji, udongo unapoteza uimara wake, na kashata zinajaa tope hadi tairi linakuwa kipara. Msaada unafika wakati ngazi imeshavunjwa.

Hapa niruhusuni nikae kidogo na Mieczysław Bekker, Mpolandi aliyehamia Kanada kisha Marekani, ambaye kitabu chake cha 1956 kuhusu mwendo wa vyombo nje ya barabara hakiondoki mezani kwangu. Bekker alikataa kuanza na injini. Alianza na udongo. Nguvu ambayo ardhi inaweza kulipa tairi, alionyesha kwa kutumia kanuni ya Coulomb, ina vyanzo viwili: mshikamano wa udongo ukizidishwa kwa eneo la mguso, na uzito ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe ya msuguano wa ndani. Mfinyanzi ukilowa chapachapa na kubanwa ghafla, pembe hiyo inakaribia sifuri. Maana yake ni kwamba kupakia magunia nyuma ili gari "likamate" hakusaidii kitu. Kinachobaki ni eneo la mguso, na matairi yote manne kuanza kufanya kazi kwa pamoja tangu robo ya kwanza ya mzunguko. Mtu huyuhuyu alishiriki kubuni gari lililotembea mwezini mwaka 1971. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake, hakuna difu hata moja. Nalitazama gari lile kwa wivu.

Mwenzangu atasema RAV4 ina kitufe cha kufunga. Ni kweli, lakini kinachofungwa ni klachi, na klachi hushika kwa msuguano, msuguano huzaa joto. Masika moja nikielekea Matombo kwa gari la kukodi la aina hii, taa ya onyo iliwaka katikati ya mlima. "Mzee, tuiache ipoe," dereva akasema. Tukaiacha. Landrova kuukuu iliyojaa ndizi na abiria ikatupita taratibu kwa gia ndogo, na kondakta wake akatupungia mkono kwa adabu iliyoniudhi zaidi ya kejeli.

Mwenzangu alitaja pia, kama ushahidi wake, Audi Quattro na mashindano ya Safari Rally. Quattro ilitoka 1980. Mshindi wa Safari ya 1981 na 1982 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma. Ikafuata Opel ya dereva Vatanen, kisha Toyota Celica miaka mitatu mfululizo, zote za nyuma. Audi ilisubiri hadi 1987, kwa mikono ya Hannu Mikkola. Na shahidi huyo mwenyewe, Quattro ya 1980, alikuwa na loki za difu ya kati na ya nyuma, zikifungwa na dereva!

Nikiri haki moja ya mwenzangu. Loki ya kati haitoshi pale tairi moja la mbele na moja la nyuma yanaponing'inia kwenye korongo; hapo kompyuta inayobana breki za tairi lililo hewani inaokoa. Na kutoka Msamvu, Morogoro mjini, hadi Dar es Salaam kwenye mvua, RAV4 yake ni salama kuliko mkonga wangu. Lakini kata zetu haziko Msamvu.

Kwa hiyo naziomba halmashauri: mnapotangaza zabuni ya magari ya mabwana shamba na ya wagonjwa kwa kata za milimani, msiandike "magurudumu manne" mkaishia hapo. Andikeni: shafti za mbele na nyuma zifungike kwa chuma, na gia ndogo iwepo.