"Amejifungua Salama": Mwili wa Mama Baada ya Leba
Mada kwa semina ya wakunga na wauguzi wa afya ya uzazi



Mtu akitoka leba, habari inayofika nyumbani ni moja: amejifungua salama. Maana yake mama anapumua na mtoto analia. Uji wa pilipili manga unawekwa jikoni, na kuanzia hapo anayejuliwa hali ni mtoto.

Miaka ya nyuma, kliniki nilikokuwa nahudumu alikuja binti akimsindikiza dada yake mwenye kichanga. Alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Joto lilikuwa kali. Nikampa maji ya kunywa. "Sina kiu, mama," akasema, na midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Baadaye, chumbani, alinieleza. Alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akatoka amekufa, na tangu hapo mkojo haukomi. Aliacha kunywa maji ili upungue. Haukupungua; ulizidi ukali tu, na ngozi ya mapaja ikababuka. Alikuwa hivyo kwa mwaka mzima.

Ninyi mnajua kilichompata. Uchungu pingamizi ukichukua muda mrefu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kati yake na mfupa wa nyonga. Damu haifiki, nyama inakufa, na baada ya siku chache inamomonyoka na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula. Ninalotaka tulitafakari ni kwamba mama wa namna hii mara nyingi hupoteza mtoto, na kliniki zetu zinamwita mama kwa kadi ya mtoto. Asiye na mtoto hana kinachomrudisha kwetu. Yule binti nilimwona kwa sababu tu dada yake alizaa.

Wapo pia wenye watoto wazima mikononi ambao hawasemi. Aliyechanika mpaka kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, akashonwa juujuu, sasa haendi msibani wala harusini kwa kuogopa kutoa upepo mbele za watu. Aliyeshuka kizazi anadhani kila mzazi yuko hivyo. Yupo anayeshtuka usingizini kwa kukumbuka kelele za leba, nasi tunajua baadhi ya kelele hizo zilikuwa zetu. Kumkaripia mwanamke aliye kwenye uchungu ni kumwumiza, na jeraha hilo halina uzi wa kulishona.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Tumuone yeye. Tukimuuliza "hujambo?" atajibu "sijambo", ndivyo tulivyolelewa. Tuvute pazia, tuulize waziwazi: mkojo unakutoka bila kutaka? Choo je? Ukichuchumaa, kuna kitu kinashuka? Na aliyefiwa na mtoto tumfuate kwake, kwa simu au kupitia mhudumu wa afya ya jamii.

Katika siku 40 baada ya kujifungua kuna mtu mwingine anayeuona mwili wa mzazi, naye ni bibi au shangazi anayemkanda. Mara nyingi tumekutana naye kwa kumgombeza tu kuhusu maji ya moto. Ni kweli, mshono mbichi hautaki maji yanayounguza, tumweleze. Lakini yeye ndiye wa kwanza kuona kanga inayolowa, na tukimfundisha atatuletea mgonjwa mapema. Mapema ni jambo kubwa hapa: tundu dogo, likiwa bado jipya, linaweza kuziba lenyewe kwa mpira wa mkojo uliokaa wiki kadhaa. Likikawia, ni upasuaji.

Upasuaji upo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inatibu fistula bila malipo, na kwa kuwa nauli iliwashinda wengi, ilianza kuituma kwa M-Pesa kupitia mabalozi wanaomtambua mgonjwa huko aliko. Tuandike namba ya balozi wa eneo letu ukutani, pale pale tunapobandika ratiba ya chanjo.