Futi ya Fundi na Kitambi Chako

Ndugu msikilizaji, hapa mjini mtu akiota kitambi husifiwa: "Mambo yako si mabaya!" Mimi nasema, kabla ya kushukuru sifa hizo, azima kwanza futi ya fundi cherehani.

Mizani hutaja uzito tu; haitofautishi misuli ya mbeba magunia na mafuta ya mkaa ofisini. Ndiyo maana mwaka 1984 watafiti wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Hodgdon na Beckett, walitoa kanuni ya kukadiria asilimia ya mafuta mwilini kwa futi. Mwanamume hupimwa shingo, tumbo usawa wa kitovu, na kimo. Mwanamke hupimwa shingo, kiuno, nyonga na kimo. Jibu ni makadirio: laweza kupotoka kwa asilimia tatu au nne, juu au chini.

Asiyetaka hesabu ndefu akumbuke hili: kiuno kiwe chini ya nusu ya kimo. Mwenye kimo cha sentimita 170, kiuno kisifike 85. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usibane tumbo wala usikaze futi. Rudia kila mwezi, mahali pale pale.

Ukikuta umezidi, usijifariji kwamba ni dalili ya neema. Nenda ukapimwe sukari na shinikizo la damu. Maradhi hayo huingia nyumbani bila hodi, na wanaokusifu leo hawatakunywea dawa kesho.

Kwaheri hadi juma lijalo.